Kikohozi cha usiku si cha kuzoea

Mazungumzo na wazazi, walimu na wamotari katika ukumbi wa shule moja ya msingi, Majengo, Goma, Siku ya Pumu Duniani

Baba zangu, mama zangu, walimu, na ninyi ndugu zetu wamotari mliopaki piki nje mkakubali kupoteza wateja wa asubuhi, jambo yenu. Nawashukuru kamati ya wazazi kwa kunialika. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watu wanaoletwa wakiwa wamekosa pumzi. Leo ni Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, siku ambayo tangu 1998 imetengwa duniani kuzungumzia pumu. Nataka tuizungumze jinsi tunavyoishi nayo hapa hapa kwetu, Majengo, Katoyi, Ndosho na Birere, kwenye hili vumbi letu jeusi.

Neno langu kubwa ni hili: pumu haiondoki mtoto anapopata nafuu. Sisi tunaitambua usiku ule inapomshika, anapohema amekaa kitandani, tunambeba mbiombio, anawekewa dawa, asubuhi anaomba chai, basi tumemaliza. Tunarudi nyumbani tukishukuru Mungu. Mwezi mwingine tunakimbia tena. Matibabu ya pumu yenyewe ni ya siku zile mtoto anapocheza na kula vizuri, na hizo ndizo siku ambazo karibu hakuna anayempa dawa.

Niwaeleze kwa nini. Hewa tunayovuta hupita kooni, ikaingia mapafuni kwa njia mbili, na njia hizo hugawanyika tena na tena mpaka zinakuwa nyembamba sana. Kwa mwenye pumu, ndani ya njia hizo mna uvimbe mdogo muda wote, hata siku ambayo hasikii kitu. Uvimbe huo ni kama makala yaliyofunikwa majivu kwenye jiko la mbabula: huoni mwali, unadhani moto umekufa, kumbe unangoja upepo. Likija la kuuchokoza, moshi, vumbi, mafua, baridi, misuli inayozunguka njia za hewa inakaza, uvimbe unaongezeka, na makohozi mazito yanayonata yanaziba nafasi iliyosalia. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Ule mlio wa filimbi mnaousikia kifuani mwa mtoto, hasa akitoa pumzi, ni hewa inayojipenyeza palipobana.

Dalili zenyewe ni nne, na wengi wenu mnazijua: kukohoa, kifua kupiga filimbi, kifua kubana, na kukosa pumzi. Ila mwenye pumu si lazima awe nazo zote. Mimi ninayoihofia ni ya kwanza, kwa sababu ndiyo tunayoizoea. Mtoto analala vizuri jioni, ikifika saa tisa au saa kumi za usiku anaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichoisha, anaamka, anakaa, mama anampa maji ya moto, kunapambazuka kinatulia. Anakwenda shule. Nyumba nzima inasema, "Huyu ndivyo alivyo, ana kifua." Mama, hakuna mtoto aliyeumbwa kukohoa kila usiku. Kikohozi kinachokuja alfajiri, kinachorudi akikimbia, akicheka sana, akilia, au mvua ikiisha na baridi ya ziwa ikiingia, hicho ni cha kupelekwa kwa muganga wa hospitali hata kama hujawahi kusikia filimbi yoyote.

Walimu, ninyi mnaona ambayo mzazi haoni. Mtoto mdogo hatakuja kukuambia kifua kinabana. Mwingine atasema tumbo linamuuma. Mwingine ataanza kukaa pembeni wakati wa mchezo, au kila siku atataka yeye awe golikipa. Anasinzia darasani saa nne kwa sababu usiku hakulala, naye anachapwa kwa uvivu. Ukiona mtoto anasimama katikati ya mbio na kuinama mikono magotini wakati wenzake wanaendelea, muite mzazi wake. Sikuombi umzuie kucheza. Mtoto mwenye pumu iliyotibiwa anakimbia, anacheza mpira, anaimba kwaya. Tukiona amekatazwa kucheza, tujue matibabu hayajatosha.

Jambo lingine la kuitambulisha pumu ni kwamba inakuja na kwenda. Leo kifua kimeziba, kesho ni safi kabisa, na ukimpeleka hospitali siku ambayo ni safi, muganga ataweka kifaa chake kifuani asisikie kitu. Kwa hiyo mwelezeni vizuri: inaanza saa ngapi, inachokozwa na nini, imerudi mara ngapi, je, nyumbani kuna mwingine mwenye pumu, au mwenye mafua ya kila asubuhi, au mwenye ngozi inayowasha na kukauka? Mambo haya hutembea ndani ya ukoo. Simulizi ya mama mara nyingi inatuonyesha kuliko kifaa. Wakubwa na watoto wa kuanzia miaka mitano au sita hivi wanaweza pia kupimwa kwa kupuliza kwa nguvu kwenye kifaa kinachoonyesha hewa inatoka kwa kasi gani, kabla ya dawa na baada ya dawa.

Kuna wanaoogopa kuja kwa sababu ya kifua kikuu, tebe. Nawaelewa. Nimeona mtu mzima ametengewa kikombe na sahani nyumbani kwake kwa sababu anakohoa. Pumu haiambukizi. Unaweza kulala kitanda kimoja na mwenye pumu, ukanywa kikombe chake, hutaipata. Tebe kwa kawaida inakuja na kikohozi kisichopumzika, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na pengine damu kwenye makohozi. Lakini msijipime kwa macho: anayekohoa zaidi ya majuma mawili apeleke makohozi kituo cha afya, na ikionekana ni tebe, dawa zake ni za bure.

Sasa nije kwenye mambo yanayoniuma. Aliletwa kwetu msichana wa miaka kama saba, mabegani kwa mama yake. Alikuwa ameinua mabega karibu na masikio, na kila akivuta pumzi ngozi ya juu ya mfupa wa bega ilikuwa inadidimia ndani. Nilimuuliza jina, akanijibu, akapumzika. Nikamuuliza yuko darasa la ngapi, akasema "la," akavuta pumzi, ndipo akamalizia "pili." Mama alifungua kitenge akanionyesha dawa alizokuwa amepewa sehemu mbalimbali: amoksilini, amoksilini tena, sharubati ya kikohozi, na kipande cha karatasi cha sindano. Alikuwa ametumia pesa nyingi. Katika dawa zile zote, za kumezwa, hakuna hata moja inayofungua njia ya hewa. Amoksilini inaua bakteria, na pumu si bakteria. Mama yule alifanya kila alichoambiwa, na mtoto alikuwa ameshikwa hivyo karibu kila mvua.

Sindano mnayoijua ya famasi mara nyingi ni deksametasoni. Inaleta nafuu, ndiyo maana mnaipenda. Ni dawa nzuri mgonjwa akizidiwa, mkononi mwa anayejua anachofanya. Lakini kuchomwa hiyo kila mtoto anapokohoa, mwezi baada ya mwezi, kunapandisha sukari, kunadhoofisha mifupa, kunachelewesha kukua. Na bado ule uvimbe wa kila siku haujapata tiba yake.

Wengine wanasema ni karuho, mtoto amelishwa sumu na jirani. Nimeona majirani waliokaa pamoja tangu kabla ya lava ya Nyiragongo ya 2002 wakigombana hadi leo kwa sababu ya kifua cha mtoto. Wengine wanampeleka akatwe kilimi, wengine wanamchanja mgongoni. Kilimi hakina kazi yoyote kwenye pumu. Ukikikata unamwachia mtoto kidonda kooni na damu inayoweza kumuua. Nawaomba kwa heshima zote, wazee wangu, tuache.

Hapa Goma vichokozi viko vingi. Cha kwanza kiko jikoni. Sisi tunapika kwa makala, na mbabula inawashwa mara nyingi kwa vipande vya plastiki, sashe, au kiatu kilichokatika. Moshi ule mweusi ndio mbaya kuliko wote, na anayeuvuta zaidi ni mama na mtoto aliyefungwa mgongoni. Washeni nje, kwa karatasi au vijiti vikavu. Maharagi yalowekwe tangu jioni, yataiva haraka na mtachoma makala machache. Na hata makala yakiwa yameshika vizuri na hayatoi moshi tena, yanaendelea kutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Mbabula isiingizwe chumbani kupasha joto mnapolala, iwe mna mwenye pumu au hamna.

Cha pili ni vumbi. Kila anayefagia kiwanja kikavu asubuhi analirusha juu, linaingia dirishani. Nyunyizeni maji kwanza. Walimu, ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji, na mtoto mwenye pumu asikae mstari wa mbele palipo na chaki. Godoro na blanketi zianikwe juani, na ikiwezekana shuka za mtoto zifuliwe kwa maji ya moto kila juma, kwa sababu kwenye matandiko wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao kinachokoza pumu ya wengi.

Cha tatu ni mlima wa moto. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wanachanganya. Mazuku ni kaboni dioksidi, gesi nzito inayotulia mabondeni, haina harufu, na inaua yeyote anayeingia, mwenye pumu na asiye nayo. Inayochokoza pumu ni gesi ya salfa inayotoka na moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira, ile inayowasha macho na koo. Mtu mzima wa afya atakohoa kidogo. Mwenye pumu njia zake zinaweza kujikaza ndani ya dakika chache. Mnakumbuka siku zile baada ya lava ya tarehe 22 Mei 2021, majivu yalivyoanguka juu ya mabati. Siku kama zile mwenye pumu abaki ndani, madirisha yafungwe, dawa yake iwe karibu. Kitambaa puani kinapunguza majivu, lakini gesi hakiizuii. Na mkilazimika kukimbia, pompu, kile kifaa kidogo cha kuvutia dawa ya pumu, iwe ndani ya mfuko ule ule wa vyeti na kadi za watoto.

Haya, tumefika kwenye pompu. Najua jinsi inavyosemwa mtaani: ukianza pompu hutaiacha, pompu ni ya wanaokaribia kufa. Tupige hesabu pamoja. Kidonge cha salbutamoli mnachomeza bila wasiwasi kina miligramu 4. Mpulizo mmoja wa pompu ya salbutamoli una mikrogramu 100. Kidonge kimoja ni mipulizo 40. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia damuni, kinazunguka mwili mzima, ndiyo maana moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka. Pompu inapeleka dawa kidogo sana palepale inapotakiwa, na inaanza kufanya kazi ndani ya dakika chache. Kati ya hizo mbili, pompu ndiyo nyepesi.

Lakini pompu si moja. Kuna ya kufungua, salbutamoli, ambayo mara nyingi ni ya buluu. Inalegeza misuli kwa saa nne hadi sita, kisha imekwisha. Uvimbe haiugusi. Na kuna ya kutuliza uvimbe, beklometasoni au budesonidi, inayovutwa kila siku hata mgonjwa akiwa mzima kabisa. Hii haitoi nafuu ya papo hapo. Faida yake inajengeka kwa siku na majuma, na ndiyo sababu watu wanaiacha wakisema haifanyi kazi. Hii ndiyo inayozuia ule usiku wa kukimbizana. Ukimaliza kuivuta, sukutua mdomo na uteme, usiote utando mweupe wa fangasi. Mwaka 2019 wataalamu wa GINA, wanaotoa mwongozo wa pumu duniani, waliandika wazi kwamba mtu mzima na kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe tena kwa pompu ya kufungua peke yake. Mwaka huo huo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo ambako ugonjwa hautambuliwi na dawa ya kila siku haipatikani. Kwa hiyo ukitoka kwa muganga na pompu moja ya buluu tu, muulize kwa upole: "Na ile ya kutuliza uvimbe?" Ni haki yako kuuliza.

Kipimo chepesi cha nyumbani: anayehitaji pompu ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa juma, pumu yake haijatulia. Pompu ina mipulizo 200 kwa kawaida. Anayeimaliza kila mwezi yuko hatarini, arudi kwa muganga upesi.

Tazameni hii chupa. Ni chupa ya maji ya nusu lita, ile mnayoitupa. Kitakoni nimetoboa tundu lenye umbo la mdomo wa pompu, kwa waya uliopashwa moto, kisha nikaziba pembeni kwa gundi ili hewa isivuje. Pompu inaingia hapa nyuma, mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Mnajua mtu akipuliza pompu moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inagonga koo na kubaki hapo. Ndani ya chupa inatulia, mtoto anaivuta polepole. Madaktari wa watoto wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti mwaka 1999: chupa hii ya nusu lita ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, na ikiwa mpya puliza dawa mara chache ndani kabla ya kuitumia, maana mwanzoni plastiki inavuta dawa ishikamane nayo.

Tikisa pompu. Puliza mara moja tu. Mtoto avute na kutoa pumzi mara nne hadi sita ndani ya chupa. Tikisa tena, puliza tena. Kupuliza mara tatu kwa mkupuo ni kupoteza dawa.

Ikimshika kwa nguvu: mkalisheni wima, msimlaze, msimzingire, legezeni nguo. Mpeni mipulizo minne ya salbutamoli, mmoja mmoja, jinsi nilivyoonyesha. Ngojeni dakika nne. Hakuna nafuu, mpeni minne tena, na safari ya hospitali ianze. Lakini kuna dalili ambazo hazingojewi, mnaondoka wakati huohuo na dawa mnaendelea kumpa njiani: hawezi kumaliza sentensi, mtoto mchanga hawezi kunyonya, mbavu zinadidimia, midomo inageuka rangi, anaanza kusinzia. Na hii naisema mara mbili. Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, msifurahi. Kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena. Kimbieni.

Ndugu yetu mmotari pale ameuliza: yeye kila asubuhi ya baridi kifua kinalia, je, aache kazi? Hapana, kaka. Uje upimwe, uanze dawa ya kila siku, ufunike pua kwa skafu hewa ipate joto kidogo kabla ya kuingia, na sigara uiache kabisa. Na siku ukipewa mgonjwa aliyeshikwa, mkalishe wima katikati, mtu wa nyuma amshike, uso wake usibanwe mgongoni kwako.

Mama mjamzito ameuliza kama pompu itamdhuru mtoto. Mama, kinachomdhuru mtoto aliye tumboni ni wewe kukosa hewa, kwa sababu hewa yake ni ile ile unayovuta. Endelea na pompu zako zote mbili, na umwambie mkunga mapema. Kuhusu vidonge vya maumivu, wenye pumu baadhi yao wanashikwa wakimeza aspirini au ibuprofeni, kwa hiyo kila ukinunua dawa famasi tangulia kusema una pumu.

Na mzee aliyeuliza kama inapona: baadhi ya watoto dalili zao zinapotea wakikua, na kwa wengine zinarudi ukubwani. Dawa ya kuifuta kabisa haipo. Ya kuituliza mtu akaishi maisha yake yote akifanya kazi na kulea watoto, ipo.

Wenye pompu mkononi au nyumbani karibu, msiondoke. Nitakaa hapa mezani, kila mmoja anionyeshe anavyovuta, turekebishe palipo na kasoro. Walioleta chupa za nusu lita, waya na gundi viko kwa mwalimu, tuanze na mama wenye watoto wadogo.